Wali wa chungu wa Guangzhou: ukoko mzuri unatoka kwenye mchele, chungu au moto?

#1 Kontena40

Wakuu, salaam.

Tunaofuata mizigo Guangzhou tunakula pale pale mtaa wa Xiaobei kila safari: kuku wa kukaanga, wali na mchuzi, tambi za watu wa Lanzhou. Mji una chakula chake ambacho wengi wetu tunakipita mlangoni. Ni wali wa chungu, 煲仔饭, Wakantoni wanauita bou zai faan. Mchele mbichi unatiwa kwenye chungu kidogo cha mtu mmoja na unaiva humo humo. Maji yakikaribia kukauka nyama inawekwa juu, kisha chungu chenyewe ndicho kinacholetwa mezani kikiwa bado kinalia. Chini kuna ukoko, na uhondo wote uko hapo.

Ukoko unaostahili sifa una unene wa milimita 2 au 3, rangi ya dhahabu mpaka kahawia, na unaachia chungu ukiubembeleza kwa kijiko. Ukilazimika kukwangua kwa nguvu, au ukikuta doa jeusi katikati, mpishi amekosea.

Msimamo wangu: siri ni mchele. Vibanda viwili vyenye chungu cha aina moja na jiko la aina moja vinatoa ukoko tofauti kabisa, na ukiuliza utakuta mmoja anatumia simiao ya Zengcheng na mwingine mchele wowote wa bei rahisi. Simiao ni punje nyembamba, ndefu, ikiiva inaachana lakini haiwi kavu kama basmati. Anayepinga alete hoja.

#2 Fundi_Jiko

Napinga, mkuu. Mchele una sehemu yake, ila mwamuzi ni moto.

Maadamu maji yapo, wali wa chini haupiti nyuzi 100 hata uwashe jiko la kuyeyushia chuma. Rangi na harufu ya ukoko zinaanza wali wa chini ukishakauka na kupanda kufika nyuzi 140 hivi. Ukiachiwa uendelee kupanda unakuwa mkaa, unauma kwa uchungu. Nafasi kati ya ukoko na mkaa ni dakika chache, na mpishi analipwa kwa ajili ya dakika hizo.

Angalia wanavyofanya. Moto mkali mpaka uchemke, dakika 3 hadi 5. Maji yakilingana na wali na vitundu vikianza kuonekana juu, nyama inaingia, mfuniko unarudi, moto unashushwa, dakika 6 hadi 8. Kisha kijiko kimoja cha mafuta kinazungushwa ukingoni, kati ya wali na ukuta wa chungu. Halafu jambo ambalo wengi hawalioni: chungu kinainamishwa ubavu juu ya moto na kugeuzwa pande nne, kila upande dakika 1 hadi 2. Asiyeinamisha anapata duara dogo la ukoko katikati na pembeni wali mweupe mtupu. Mchele ni ule ule.

#3 BintShangani

Nyote mnakiruka chungu. Sufuria ya alumini inaunguza pale pale moto unapogusa. Udongo unasambaza joto sawasawa chini na pembeni, ndiyo maana ukoko unapanda mpaka ukutani. Ukitaka kuhakikisha chukua mchele ule ule na moto ule ule, pika kwenye sufuria nyepesi uone.

#4 Fundi_Jiko

Dada BintShangani, hapo kwenye kusambaza ni kinyume. Udongo unapitisha joto vibaya kuliko alumini, tena kwa mbali sana. Kama ungekuwa unasambaza, asingehangaika mtu kuinamisha chungu pande nne.

Sifa ya udongo ni nyingine: unakawia kupata moto na unakawia kupoa. Ukiepua, chungu kinaendelea kupika kwa dakika 5 au zaidi. Wali wa juu unamalizika kwa mvuke na wa chini unaendelea kukauka polepole bila kuungua. Alumini ukiiepua kazi imeisha, na mvuke unarudi chini kuulainisha ukoko.

#5 BintShangani

Sawa, nimekuelewa kwenye kusambaza. Lakini umeniongezea hoja, hukuniondolea. Kazi ya kumalizia anaifanya chungu, wala si moto, maana moto umeshazimwa.

#6 Kontena40

Hahaha, Fundi umejifunga goli.

#7 Pishori254

Watu wa vipimo mko wapi? Niko Nairobi, nina chungu cha lita moja. Nataka mchele kiasi gani, maji kiasi gani, na je, pishori ya Mwea itafaa?

#8 Mkalimani_GZ

Karibu. Chungu cha mtu mmoja huku kina upana wa sentimita 16 hadi 18. Kipimo kinachokwenda vizuri:

Mchele gramu 150, uoshwe mara mbili tu, ulowekwe dakika 30, uchujwe. Maji mililita 180 hadi 200. Mchele uliolowa umeshakunywa karibu robo ya uzito wake, kwa hiyo ukitumia kipimo chako cha kawaida cha maji utapata bokoboko na ukoko hautokei. Mafuta kijiko kimoja cha chai yanachanganywa na mchele tangu mwanzo, na kijiko cha chakula kinabaki kwa ajili ya ukingoni. Jumla dakika 20 hadi 25 pamoja na kupumzika.

Wali na nyama visizidi theluthi mbili za chungu. Kikijaa, mapovu ya wanga yanamwagika, yanaungua nje ya chungu, harufu ya kuungua inakudanganya unazima moto mapema.

Sosi ya chungu kimoja: soya nyepesi vijiko 2 vya chakula, soya nzito kijiko 1 cha chai, sukari kijiko 1 cha chai, maji vijiko 2 vya chakula, matone ya mafuta ya ufuta. Chemsha mpaka sukari iyeyuke. Inamwagwa MWISHO, chungu kikiwa mezani. Ukiitia mapema, maji yake yanalainisha ukoko na sukari yake inaungua kabla wali haujapata rangi.

Pishori ya Mwea ni ukoo wa basmati. Itakupa ukoko, lakini ni mwepesi, unavunjika vipande vipande badala ya kutoka kama mkate. Changanya nusu pishori na nusu jasmine ya Thailand. Hata wapishi wa huku wengi wanachanganya: simiao kwa ajili ya kuachana, jasmine kwa ajili ya kushikana.

#9 MamaKyela

Kwa walio Tanzania, mchele wa Kyela unafanya kazi hii vizuri bila kuchanganya. Una harufu na unashikana kiasi. Angalizo: mchele mpya wa msimu una unyevu zaidi, punguza maji mililita 20 hivi kwenye kipimo cha Mkalimani. Mchele wa mwaka jana unakunywa zaidi, tumia 200 kamili.

#10 Kontena40

Mnaona? Mchele mpya na wa zamani, pishori na jasmine. Tunazungumzia nini hapa kama si mchele?

#11 Abuu_Kisauni

Asalaam aleykum. Ndugu zangu mwasifu chakula na hamjatwambia halali yake. Hivyo vijisoseji vyekundu vya juu ni nini? Na hayo mafuta ya ukingoni ni ya nini?

#12 Mkalimani_GZ

Waaleykum salaam, shekhe. Swali lako lilitakiwa liwe la kwanza. Nitajibu kwa urefu kwa sababu wengi wanakosea hapa.

Vijisoseji ni lap cheong, vya nguruwe. Vipande vyenye mafuta meupe na ngozi ni lap yuk, nguruwe pia. Kuna soseji nyeusi nyeusi ambayo mwenye duka atakwambia ni ya ini la bata. Ni kweli ini lipo, lakini huchanganywa na mafuta ya nguruwe, kwa hiyo usiikubali kwa kusikia neno bata. Samaki wa chumvi naye huja amelazwa juu ya nyama ya nguruwe iliyosagwa. Na kwenye menyu ya Kichina, neno nyama likisimama peke yake bila kutajwa mnyama, maana yake nguruwe.

Kuku na uyoga ndicho watu wetu wanachokikimbilia. Kuku mwenyewe hana neno, ila huwa amelowekwa kwenye soya, wanga wa mahindi na mvinyo wa kupikia. Na mafuta ya ukingoni kwenye vibanda vya zamani ni ya nguruwe, kwa sababu ya harufu. Ukimwambia asiweke nyama ya nguruwe atakuelewa na atakuwekea kuku, lakini mafuta hatayafikiria kabisa kwa kuwa kwake si nyama. Inabidi uyataje peke yake.

Kwa Mwislamu njia safi ni duka lenye alama 清真, yaani halali, mara nyingi kibao cha kijani na maandishi ya Kiarabu. Maduka hayo mengi ni ya Wahui na Wauighuri, Waislamu wa China, na wali wa chungu wa Kikantoni si fani yao. Wali wao ni polo: mchele, nyama ya kondoo, karoti nyingi za kukata vijiti, kitunguu, bizari nyembamba, kwenye karai zito la chuma. Ukionja utaijua pilau ilikopita.

#13 Abuu_Kisauni

Jazakallah. Na je, nikimtaka mpishi wa kawaida atumie mafuta ya mboga na nyama ya ng'ombe, chungu si kimeshanyonya mafuta ya kitimoto miaka na miaka?

#14 BintShangani

Kimenyonya, bila shaka. Udongo una vinyweleo. Ndiyo maana chungu cha samaki hakipikiwi maziwa.

#15 Mkalimani_GZ

Dada, hapa kuna tofauti na vyungu vyetu. Chungu cha Kikantoni ndani kimepakwa rangi ya kioo na kuchomwa, ni nje tu kulikoachwa mchanga mtupu. Kikiwa kizima, ndani hakinyonyi sana. Lakini vyungu vya kibandani vinapigwa moto kila siku, ile rangi ya ndani inapasuka nyufa ndogo ndogo kama nywele, na hapo mafuta yanapita. Kwa hiyo shekhe, ukitaka uhakika, usitegemee chungu cha mtu.

#16 Fundi_Jiko

Nyufa hizo ziangalieni hata kwa sababu ya afya. Chungu ambacho rangi ya ndani inabanduka magamba kisipikiwe tena, hasa kikiwa hakijulikani kilikotengenezwa. Rangi mbovu za vyombo vya udongo zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

#17 DalaliKkoo

Mmesoma sana. Mimi naomba jambo moja: nikiwa njiani nitajuaje kibanda kizuri bila kujua Kichina?

#18 Mkalimani_GZ

Tazama jiko kabla ya menyu. Kibanda cha kweli kina safu ya majiko madogo ya gesi, 8, 12, hata 20, mara nyingi karibu na mlango, na mtu mmoja anayatembelea yote akigeuza vyungu. Ukiona vyungu vimelala ubavu juu ya moto, ingia.

Pili, muda. Mchele mbichi hauivi chini ya dakika 15, na kwa kawaida utasubiri 20 hadi 30 watu wakiwa wengi. Chungu kikija baada ya dakika 5, huo ni wali uliopikwa kwenye jiko la umeme asubuhi, ukahamishiwa kwenye chungu cha moto. Utaunguruma mezani vizuri tu, lakini chini utakuta punje zilizokauka moja moja, wala hazijashikana.

Tatu, vyungu vyenyewe. Vimefungwa waya nje na vimekuwa vyeusi chini. Vyungu visafi vinavyong'aa vyote sawa vinaonyesha duka jipya au duka la mashine.

Bei ya kibanda cha kawaida ni yuan 20 hadi 40 kutegemea unachoweka juu. Lipia kwa simu. Tangu 2023 Alipay na WeChat zinapokea kadi za nje bila usumbufu wa zamani, lakini unganisha kadi yako kabla hujaondoka nyumbani.

Ukiletewa: mimina sosi kwa kuzungusha, funika dakika 1 au 2, kisha kula wali wa juu kwanza. Usichimbe chini mapema. Ukoko unaendelea kujitengeneza wakati unakula, na ukifika chini utakuwa umeshaachia wenyewe.

#19 KL_Mwanachuo

Naomba kusahihisha kidogo. Huku Kuala Lumpur hatuli hivyo. Chungu kikija kinakorogwa mara moja, juu chini, mpaka wali wote uwe wa kahawia. Wenye vibanda wenyewe ndio wanaokukorogea.

#20 Mkalimani_GZ

Hiyo ni ya Malaysia na Singapore, na ni chakula kingine. Kule mara nyingi kuku, samaki wa chumvi na soya nzito vinapikwa pamoja na wali, kwa hiyo rangi imeshaingia na kukoroga hakuharibu kitu. Guangzhou na Hong Kong sosi inakuja mwisho na wali unabaki mweupe. Ukikoroga unasaga ukoko wako mwenyewe.

#21 KL_Mwanachuo

Nimekuelewa. Ila kwa ubishi wa uzi huu, huku kuna vibanda vya makaa na vibanda vya gesi mtaa mmoja, na foleni iko kwenye makaa. Singapore pia, ghorofani pale Chinatown Complex, kuna kibanda kinachojulikana kwa kupikia makaa, na watu wanasubiri. Mchele wao ni jasmine ya kawaida ya dukani. Kwa hiyo Kontena40, mchele unaupa sifa isiyo yake.

#22 Kontena40

Foleni si hoja, mkuu. Watu wanafuata harufu ya moshi. Niambie makaa yanafanya nini kwenye ukoko ambacho gesi haiwezi.

#23 Fundi_Jiko

Yanachoma kwa mng'ao. Gesi ndogo inapiga ndimi zake chini katikati na hewa ya moto inapita pembeni inaondoka. Makaa mekundu yanatupa joto pande zote, hata chungu kikikaa wima kuta zake zinapata. Kasoro yake ni kwamba hupunguzi moto kwa kuzungusha kitufe. Lazima uwe na jiko la makaa mapya la kuchemshia na jiko la makaa yaliyofifia la kukaushia, uhamishe chungu kutoka hapa kwenda pale. Mwenye jiko moja la makaa ataunguza.

#24 BintShangani

Na sisi tunayapalia makaa juu ya mfuniko. Wali unakauka juu na chini kwa pamoja, mvuke haupati mahali pa kugeuka maji. Mbona Wachina hawapalii?

#25 Mkalimani_GZ

Mfuniko wa chungu chao ni wa kuba, na una mkono mdogo katikati, makaa hayakai. Na juu kuna nyama wanayotaka ibaki laini, ikipaliwa inakauka. Kwa wali mtupu palieni, nakubaliana nawe.

#26 MuscatBinti

Kuhusu mvuke kugeuka maji, dawa yake wanayo Wairani, na migahawa yao huku Ghuba ni mingi. Mfuniko unafungwa kitambaa safi cha pamba, ncha zikakusanywa juu zisishike moto. Kitambaa kinakunywa matone yote. Ukoko wao, tahdig, ni tofauti: wali unachemshwa nusu kwenye maji mengi ya chumvi, unachujwa, kisha chini ya sufuria inatandazwa mafuta, mtindi, zafarani na vijiko kadhaa vya ule wali, halafu uliobaki unarundikwa juu kama kilima. Moto mdogo dakika 40 hadi saa nzima. Unapinduliwa sahanini mzima mzima.

Kwa hiyo naleta jibu la nne ambalo nyote mmelipita: mafuta. Sufuria yao mara nyingi ni ya kawaida, haina udongo, haina makaa, na ukoko unatoka kama sahani.

#27 Fundi_Jiko

Mafuta yanasaidia, kweli. Yanajaza nafasi kati ya punje na chombo, joto linafika sawasawa badala ya kupita kwenye ncha za punje tu. Lakini ukoko wa Wakorea, nurungji, unatengenezwa kwenye chuma au jiwe bila tone la mafuta. Kisha wanamimina maji ya moto juu ya huo ukoko wanakunywa. Basi mafuta si sharti.

#28 MuscatBinti

Si sharti la kuwepo ukoko. Ni sharti la kuachia bila kukwangua. Kontena40 alisema mwanzoni ukoko mzuri unaachia wenyewe. Wa Wakorea kwenye chungu cha jiwe haujiachii kirahisi, ndiyo maana unamiminiwa maji.

#29 Pishori254

Nimepika kwa kipimo cha #8. Ukoko umetoka lakini upande mmoja mweusi, upande mwingine mweupe. Nimeinamisha kama Fundi alivyosema.

#30 Fundi_Jiko

Hebu jibu haya: jiko lako lina ndimi kubwa? Uliinamisha kabla au baada ya kutia mafuta ukingoni? Na uligeuza kwa saa au kwa kukisia?

#31 Pishori254

Jiko kubwa la mitungi. Mafuta baada. Kwa kukisia.

#32 Fundi_Jiko

Umeshajua basi. Mafuta yanatiwa kabla ya kuinamisha, ili yateremke kwenye ukuta unaochomwa. Jiko kubwa hata likishushwa bado moto wake ni mpana kwa chungu cha sentimita 16. Weka bati au tawa la chuma kati ya moto na chungu kwa hatua ya mwisho. Na upande wa kwanza huwa unakula muda mwingi kwa sababu chungu bado kina unyevu, kwa hiyo upe dakika 2, zinazofuata dakika 1 na nusu, wa mwisho dakika 1. Sikiliza: mlio wa maji ni mzito, wa kububujika. Ukigeuka mwembamba wa kukatika katika, wali umekauka, anza kuhesabu. Ukinyamaza kabisa na harufu ikawa ya bisi, epua.

#33 DalaliKkoo

Hiyo ya kusikiliza mlio ni elimu. Asante.

#34 Nungwi_Kasa

Nilisoma mahali kwamba chakula hiki kina zaidi ya miaka 2,000, kimetajwa kwenye maandiko ya kale ya Wachina kuhusu vyakula vinane vya kifalme.

#35 Mkalimani_GZ

Kilichotajwa kwenye Liji, kitabu hicho cha kale cha Wachina, ni nyama iliyokaangwa na kusagwa, ikawekwa juu ya wali na kumiminiwa mafuta. Chungu cha mtu mmoja hakimo na ukoko haumo. Ni mababu wa wazo la nyama juu ya wali, tusiende mbali zaidi ya hapo.

#36 Nungwi_Kasa

Sawa mkuu, nashukuru. Lakini mafuta juu ya wali yamo. MuscatBinti amepata shahidi wa kifalme.

#37 MamaKyela

Nirudi kwenye wali uliopikwa asubuhi. Watu msichukulie kama suala la ladha tu. Wali ukikaa saa nyingi kwenye joto la kawaida unaota bakteria wa Bacillus cereus. Mbegu zake zinastahimili kuchemshwa, na sumu ya kutapisha inayotengenezwa haiondoki kwa kupasha moto. Chungu kinachounguruma hakikulindi. Dalili ni kutapika ndani ya saa 1 hadi 6. Kibanda kinachohamisha wali kiwe kinauweka moto mfululizo au kwenye friji. Ndoo ya wali imekaa sakafuni imefunikwa taulo, ondokeni.

#38 Kontena40

Na zile mashine? Kuna maduka yenye matawi mengi ambako vyungu vinatembea kwenye mkanda, vinaingia upande huu vibichi vinatoka upande ule vimeiva. Ukoko wao si mbaya.

#39 Fundi_Jiko

Mashine inapika mchele mbichi, kwa hiyo kwenye hilo ni mkweli kuliko kibanda cha ndoo. Inampa kila chungu joto lile lile kwa muda ule ule. Tatizo: haiinamishi. Ukoko wake ni wa chini tu, bapa, rangi moja. Ukutani hakuna.

#40 Kontena40

Umeona sasa! Moto sawa, muda sawa, chungu sawa, na bado tawi hili ukoko mtamu na tawi lile mbaya. Kilichobaki ni nini kama si mchele?

#41 Fundi_Jiko

Maji. Mtu anayepima maji kwa mkono akiwa amechoka saa tatu usiku hapimi sawa na saa tano asubuhi. Na muda wa kuloweka. Mchele uliolowa tangu asubuhi umeshaanza kupasuka, unatoa wanga, chini unakuwa gundi.

#42 BintShangani

Na vyungu vya tawi hilo ni vipya au vikuukuu? Hamjauliza.

#43 Abuu_Kisauni

Mimi nitajipikia nyumbani Mombasa. Kuku, uyoga, tangawizi ya vijiti, mafuta ya karanga. Nataka kununua vyungu vyao vinne nije navyo. Vya duka la vyombo vinafaa? Na kipya chaanzwaje kisipasuke?

#44 Mkalimani_GZ

Vinafaa na ni rahisi. Chagua chenye waya nje. Waya hauzuii ufa, ila unakishikilia chungu kisifunguke ghafla na wali wa moto. Kigonge kwa ukucha: kikilia kama kengele ni kizima, kikitoa sauti ya kufa kina ufa. Tazama ndani kwenye mwanga, rangi iwe laini bila mapovu.

Nyumbani: kiloweke kwenye maji usiku mmoja, kikaushe nje kabisa, kisha chemshia uji mwepesi wa mchele kwa moto mdogo saa moja, uuache upoe humo. Wanga unaziba vinyweleo na nyufa ndogo.

Vinavyopasua chungu: kukiweka motoni kikiwa na maji nje chini, kukiwasha kikavu bila kitu ndani, kuanza na moto mkali (panda kwa hatua dakika 2 za kwanza), na kukitua kwenye marumaru au sinki baridi ukishaepua. Tua juu ya ubao au kata ya kitambaa. Ukoko ukigoma, mimina chai ya moto au maji ya moto, funika dakika 10. Usitie maji baridi, na usikwangue kwa chuma.

#45 Kontena40

Shekhe, kwenye kufunga: usivitie kimoja ndani ya kingine bila kitu kati. Kila kimoja jaza nguo ndani mpaka kikaze, mfuniko geuza uangalie ndani, funga kwa taulo. Viwe katikati ya sanduku, pembeni nguo pande zote. Kama unapakia kontena viweke juu ya marobota ya nguo, kamwe visiwe chini ya vigae.

#46 Abuu_Kisauni

Shukran. Na mchele wenu huo wa simiao nibebe?

#47 MamaKyela

Usibebe. Mchele mzuri uko huku huku, na forodha wanaweza kukutaka cheti cha afya ya mimea. Tumia gramu 150 za Kyela, maji 190, uanze na chungu kimoja kabla ya kuviwasha vyote vinne.